Nyimbo za Kupanga

Kabla ulimi haujafungwa, mume wa Mama Pacha alikuwa mtu wa kula kwa mdomo wake. Alifundisha udereva. Kuanzia asubuhi hadi jua lipoe alikaa kiti cha abiria cha gari dogo jeupe, mguu juu ya breki ya ziada, akisema, "Achia klachi taratibu. Taratibu, mwanangu. Gari si punda, haliendi kwa hasira." Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Klachi, na jina likamganda hata watoto wake pacha, ambao sasa ni watu wazima wenye miji yao, wakipiga simu nyumbani huuliza, "Klachi yupo?"

Ndani ya gari lile muziki haukuzimwa. Mwanafunzi mwoga aliwekewa nyimbo za pole. Mwenye papara aliwekewa nyimbo ndefu za bendi za zamani, zile ambazo mwimbaji haanzi kuimba mpaka umesahau kwamba ataimba. Nyimbo zote Klachi alizikusanya kwenye simu, katika programu ya muziki aliyokuwa akiilipia kila mwezi. Alizipanga, akazipanga upya, akazipakua zote ili hata mahali pasipo na mtandao zisimkimbie. Nyingine zilikuwa za watu waliokufa kabla ya nusu ya wanafunzi wake kuzaliwa.

Kiharusi kilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni na nyingine mkononi. Mama Pacha alikuwa chumba cha mbele, mahali anaposhonea mapazia ya watu, na cherehani ilikuwa inanguruma, kwa hiyo hakusikia chochote ila kishindo. Alipofika, mumewe alikuwa sakafuni akimtazama kwa macho ya mtu anayetaka kueleza jambo refu.

"Hapana," alisema. "Hapana, hapana."

Likawa ndilo neno lake pekee. Mkono wa kulia ulikufa ganzi na mguu ukawa wa kuburuta, lakini hayo Mama Pacha aliyavumilia. Kilichomkata maini ni lile neno. Akitaka maji, hapana. Akikubali jambo, hapana. Akimpapasa mkewe shavuni kwa mkono wa kushoto huku machozi yanamlengalenga, hapana. Akili ilikuwa nzima, kila kitu alielewa, hata mzaha aliucheka panapostahili. Ila alikuwa kama mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe na ufunguo umevunjikia kwenye kitasa.

Hospitali iliwapa mtaalamu wa usemi, msichana mrefu, mpole wa sauti, ambaye Mama Pacha alimbatiza Daktari wa Maneno. Katika wiki za mwanzo hakuna kilichotoka. Kisha siku moja, mhudumu wa wodi akiwa anasukuma kitoroli chenye redio, Klachi akaanza kuufuatisha wimbo uliokuwa unapigwa. Maneno yote. Ubeti na kiitikio, wala hakujikwaa.

Mama Pacha alipiga magoti palepale. "Amepona!"

"Hajapona, mama," alisema Daktari wa Maneno, akamwinua kwa kumshika kiwiko. "Lakini tumepata mlango. Ugonjwa umeharibu upande wa ubongo unaotengeneza maneno. Wimbo una njia yake upande wa pili. Kwa hiyo tutapitia huko. Nyimbo gani anazijua sana?"

Mama Pacha akachomoa simu ya mumewe kwenye mkoba.

Hivyo ndivyo nyimbo zilivyoajiriwa. Kila mmoja ulipewa kazi. Kulikuwa na wimbo wa mtu aliyekaukwa na koo jangwani kwa sababu ya mapenzi. Huo ukawa wa maji. Kulikuwa na wimbo wa mwanamume aliyefukuzwa na mkewe, anabembeleza kizingitini, "Nifungulie mlango, mama, mambo yamenizidi". Huo ukawa wa msalani, na mara ya kwanza Klachi alipoutumia wote watatu walicheka mpaka ikawa karibu wachelewe. Kulikuwa na wimbo wa mzigo, "Kichwa changu kimebeba gogo," ulioimbwa na bendi moja ya zamani kwa sauti nzito. Huo ukawa wa maumivu. Na kulikuwa na ule wa taratibu wenye gitaa moja, "Geuka, nikuone," ambao Klachi aliuchagua mwenyewe kwa kidole, akawa anamwitia mkewe.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Klachi anagusa wimbo kwenye kioo, unapigwa, anaingia pamoja na mwimbaji, anaimba ule mstari. Baada ya muda anaimba na mwimbaji amepunguzwa sauti. Mwisho, alisema Daktari wa Maneno, ataweza bila mwimbaji kabisa. "Lakini msikimbie. Asikie wimbo uleule, sauti ileile, kila siku. Ubongo unafuata njia iliyokanyagwa."

Miezi ilipita hivyo. Mama Pacha alishona akiwa na sikio moja sebuleni. Akisikia gitaa moja, aliacha kila kitu, akageuka.

Wakati huo dada yake Klachi alikuwa amekuja kuwasaidia. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono myepesi, anayeweza kuosha vyombo, kukaripia muuza mkaa na kutoa ushauri ambao haukuombwa, vyote kwa pumzi moja. Mama Pacha alimpenda na alimchoka kwa kadiri sawa. Mteja akiuliza kama nyumba ina waifai, Mama Pacha alijibu, "Wifi tunaye, tena mwenye nguvu, tatizo lake hazimiki." Na yeye wifi alicheka kuliko wote.

Ni wifi aliyeona ile meseji ya makato. Walikuwa mezani wanakunywa chai, Klachi amesinzia kitini.

"Wifi, hii programu ya muziki bado mnailipia?"

"Kila mwezi. Ndiyo nyimbo zake za matibabu."

"Najua ni za matibabu. Nauliza unalipia nini? Si ameshazipakua? Si zimo humu ndani?" Aligeuza simu juu chini kama anayetikisa debe. "Zima mtandao tuone."

Mama Pacha akazima mtandao. Akagusa wimbo wa maji. Ukaimba.

"Haya sasa," alisema wifi. "Umenunua kitambaa, umekipeleka nyumbani, umekikata, umekishona. Kila mwezi unarudi dukani kufanya nini?"

Hoja ilimwingia. Katika kazi yake, kitambaa kikishapita mkasi ni chako, hata mwenye duka akifa. Alitafuta kwenye programu mpaka akapata pa kusitishia. Wale watu walimsihi kidogo: una hakika, tutakukosa, tafakari tena. Chini kulikuwa na aya ya maandishi madogo. Hakuisoma. Nani anasoma yale? Akagusa "Endelea kusitisha," na kioo kikamwonyesha picha ya moyo uliovunjika, wao wawili wakaicheka.

Siku zilizofuata kila kitu kilikuwa sawa, na wifi hakuacha kukumbusha. "Unaona? Nyimbo zimelala tu humo kama maiti, hazina pa kwenda."

"Usiseme hivyo," alisema Mama Pacha.

Asubuhi moja alikuwa anabandika ndoano kwenye pindo la pazia alipogundua kuwa sebuleni kuko kimya kupita kawaida. Alimkuta Klachi ameinamia simu, kidole cha kushoto kinagusa, kinagusa, kinagusa. Nyimbo zote zilikuwepo, majina yote kwa mpangilio wake, lakini rangi imefifia kama nguo zilizosahaulika kwenye kamba. Pembeni ya kila jina kulikuwa na kufuli dogo.

Klachi aliinua uso. Alikuwa na kiu; midomo ilikuwa mikavu. Alifungua kinywa kuimba bila mwimbaji, akapata sauti ya kwanza ya wimbo, ikakatikia hapo.

"Hapana," alisema.

Wifi, ambaye hakupenda kushindwa, aliichukua simu akahangaika nayo. Akarudi na ushindi. "Kuna ya bure! Inapiga bila kulipa. Ina matangazo kidogo tu."

Ya bure ilikuwa na mambo yake. Ukigusa wimbo wa maji, haikupi wimbo wa maji. Inakupa unaofanana nao, halafu mwingine unaofanana na huo. Klachi aligusa mlango akapewa harusi. Akagusa gitaa moja akapewa tarumbeta. Kila mara aliingia na mwimbaji kama alivyofundishwa, na kila mara mwimbaji alikuwa mgeni. Mama Pacha alimwona anavyosimama katikati ya neno, kama mtu aliyeshuka ngazi gizani akakosa ya mwisho.

Na kati ya nyimbo kulikuwa na matangazo. La sabuni, la kamari, la rangi za ukuta. Na moja, lililopigwa kuliko yote, la kampuni fulani ya bima ya mazishi. Lilianza na kinanda, noti tatu zinazoshuka. Kisha sauti ya mwanamume, nene, iliyotulia, ya mtu asiye na haraka: "Je, umejiandaa? Kesho haibishi hodi."

Mama Pacha alilichukia tangu mara ya kwanza. Alikuwa akilisikia anapokata, anapopima, anapochemsha maji. Nyimbo zilibadilika, lile halikubadilika. Sauti ileile, maneno yaleyale, kila siku.

Alikusudia kumpigia Daktari wa Maneno, lakini msichana alikuwa likizo, na kliniki ikawaambia wasubiri arudi. Wakasubiri.

Kisha Klachi akaongea.

Walikuwa wanakula mchana. Aliweka kijiko chini, akashika kisogo kwa mkono wa kushoto, akawatazama wote wawili. "Je, umejiandaa?" alisema. "Kesho haibishi hodi."

Kijiko kilimponyoka wifi. "Kaongea! Wifi, kaongea! Bila wimbo!" Alinyanyuka akamkumbatia kaka yake, akacheza kuizunguka meza, akalia, akapiga simu kwa pacha mmoja na kisha wa pili. "Sentensi nzima, mwanangu! Imenyooka kama rula!"

Mama Pacha alibaki amekaa. Ilikuwa imenyooka kweli. Lakini haikuwa sauti ya Klachi. Klachi aliongea upesi, akimeza miisho ya maneno na kuchekea puani. Huyu alitamka kila herufi, akatulia mahali pa kutulia. Ilikuwa kama kumwona mumeo amevaa koti la mtu usiyemjua, na koti limemkaa sawasawa.

"Unasemaje, Klachi?" alimuuliza kwa upole. "Unataka nini?"

"Je, umejiandaa?" alisema, na macho yake yalikuwa yanamwomba.

Akampa maji. Akampeleka msalani. Akamfunika. Mwishowe Klachi alifumba macho, akageukia ukutani.

Tangu hapo alilisema mara kwa mara, na mara nyingi lilimtoka mbele za watu, kwa kuwa chumba cha mbele hakikosi watu. Wengi walicheka. Hakucheka yule mwenye duka la viatu. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye afya ya fahali, aliyekuja kuleta vipimo vya mapazia ya nyumba yake mpya. Alikuwa akisifu rangi aliyoichagua, kijani cha majani ya chai, wakati Klachi alipojiburuta hadi mlangoni, akaegemea fremu, akasema kwa ile sauti iliyotulia, "Je, umejiandaa? Kesho haibishi hodi."

"Eh," alisema mwenye duka, akatabasamu nusu. "Nimejiandaa na nini, Klachi?"

Klachi alirudia. Alikuwa ameshika kisogo.

"Ni tangazo la kwenye simu," Mama Pacha aliwahi kusema. "Amelishika tu. Usijali."

Mapazia hayakuning'inizwa. Siku chache baadaye mwenye duka la viatu alikutwa kwenye stoo yake, ameketi juu ya maboksi, mdomo wazi, amekufa. Moyo, walisema. Mapazia ya kijani yakabaki yamekunjwa kwenye rafu ya Mama Pacha, na hakuna ndugu aliyekuja kuyaulizia, kwa sababu mwenye duka alikuwa amesimulia. Alikuwa amesimulia pale dukani, akicheka, jinsi Klachi alivyomtabiria.

Mtaa hauhitaji zaidi ya hapo. Wateja waliozoea kupita mbele ya nyumba walianza kuvuka barabara na kupitia upande wa pili. Mama mmoja aliyekuwa na kazi ya shuka za hospitali alimtuma mtu kuzichukua kabla hazijaisha. Mwingine alikuja, akasimama nje ya kizingiti, akauliza kwanza, "Amelala?" Na siku moja akaja mwanamume asiyejulikana, amevaa suti, akaomba kwa heshima aonyeshwe yule anayesema. Alitaka kujua habari ya mama yake mgonjwa. Wifi alimfukuza kwa ufagio, akarudi ndani, akatia komeo mlangoni.

"Wifi," alisema, akikaa polepole. "Mimi si mtu wa ushirikina. Unanijua. Lakini ile sauti si ya kaka yangu."

"Ni ya tangazo."

"Najua ni ya tangazo. Nakuambia si ya kaka yangu."

Usiku Klachi alikuwa akilisema usingizini. Wifi alihamishia godoro lake jikoni.

Daktari wa Maneno aliporudi likizoni, Mama Pacha alimweleza yote, hata ya kijiko na ya viatu. Msichana alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akauliza swali moja tu. "Mlisitisha lini?"

"Lakini tulikuwa tumeshazipakua, daktari. Zilikuwa zetu."

"Hazikuwa zenu, mama. Mlikuwa mmepanga. Kodi ikikatika, mwenye nyumba anabadili kufuli, hata kama makochi mliyaingiza wenyewe." Aliona uso wa Mama Pacha, akalainisha sauti. "Sikuwaambia. Nilipaswa kuwaambia. Mimi mwenyewe nilidhani mnajua. Na hilo tangazo, msione ajabu. Lina kinanda, lina sauti moja, linapigwa kila siku. Tulimfundisha kufuata njia iliyokanyagwa, amefuata. Lipeni, nyimbo zitarudi."

Walilipa siku ileile, wifi ndiye aliyeshika simu, amekaza midomo kama anayetunga uzi. Makufuli yakatoweka. Majina yakarudiwa na rangi. Mama Pacha aligusa wimbo wa maji, na yule mtu wa jangwani akaanza kulalamika kama ambaye hakuwahi kwenda popote. Wanawake wawili walishikana mikono. Lile la kinanda halikusikika tena.

Ila majina matano hayakurudiwa na rangi. Yalibaki yamefifia, na ukiyagusa kioo kinasema wimbo huu haupatikani kwa sasa. Daktari wa Maneno aliwaeleza kwa simu kwamba hutokea. Wenye haki za nyimbo wanapogombana na programu, wanaziondoa, na hakuna anayekuarifu. Kama hukuwa makini, hutajua kamwe. Mmoja kati ya hizo tano ulikuwa ule wa gogo.

"Tutatafuta wimbo mwingine wa maumivu," alisema. "Nikija tutachagua."

Hakuwa amekuja bado.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Klachi aliimba maji. Aliimba mlango. Aliimba hata "Geuka, nikuone," na Mama Pacha, ambaye alikuwa hajausikia muda mrefu, alijificha nyuma ya kitambaa cha dirisha ili alie kidogo. Baadaye akarudi kwenye kazi: kulikuwa na hoteli ndogo, ya watu wasiojua maneno ya mtaani, iliyotaka mapazia ya vyumba vyote. Alikuwa juu ya kigoda, mdomo umejaa pini, aliposikia kutoka sebuleni ile sauti nene iliyotulia.

"Je, umejiandaa?"

"Ameanza tena," wifi alisema kutoka jikoni, kwa kuchoka. "Klachi! Baba, lile limeisha! Imba zako!"

"Kesho haibishi hodi."

Mama Pacha alishuka. Hakujua kwa nini alishuka. Alikuwa na pini bado mdomoni. Alisimama mlangoni akamtazama mumewe, kwa mara ya kwanza tangu lianze alimtazama badala ya kumsikiliza. Klachi alikuwa na simu pajani. Kidole chake kilikuwa juu ya jina moja lililofifia. Kilikigusa kioo. Kioo kikasema haupatikani. Kikagusa tena. Haupatikani. Ndipo akainua kichwa, akashika kisogo, akamtazama mkewe machoni, akasema ile sentensi yote, neno kwa neno, kwa subira ya mtu anayemrudia mtoto.

Akagusa tena. Haupatikani. Akasema.

Mama Pacha alizitema pini.

"Wifi," alisema. "Wifi, njoo. Klachi, unaumwa kichwa? Klachi, kichwa? Ndiyo unachosema? Kichwa?"

Klachi alifumba macho, na uso wake wote ukalegea kwa nafuu, kama mtu aliyegonga mlango muda mrefu mno akasikia hatua ndani.

"Hapana," alisema. "Hapana, hapana, hapana." Na hilo walijua tangu zamani kwamba lilikuwa ndiyo.

Mambo yakamrudia Mama Pacha moja baada ya jingine, akiwa ameshika ukingo wa mlango. Mezani, siku ile ya kijiko, mkono kisogoni. Mlangoni, mbele ya mwenye duka la viatu, mkono kisogoni. Usiku, usingizini. Hakuwa amemtabiria mtu kifo. Alinyang'anywa neno, akaokota lililokuwa karibu, akawa anawaambia kila siku, kila aliyepita, kila mteja, hata yule wa suti angemwambia, kwamba kichwa kinamuuma. Nao walicheka, wakakimbia, wakahamishia magodoro jikoni.

Hospitalini walimpima shinikizo la damu wakaitana. Walimpitisha kwenye mashine. Daktari aliyekuja kuzungumza nao alikuwa mwanamume mwenye miwani iliyoshikizwa kwa uzi, mchovu, asiye na maneno ya ziada. Kuna mshipa ulikuwa unavuja, alisema. Unavuja kidogo kidogo. Mtu wa namna hii huwa analalamika mapema.

"Maumivu yameanza lini?"

Mama Pacha na wifi walitazamana. Wifi alifunika uso kwa khanga.

"Alikuwa analalamika," alisema Mama Pacha. "Alikuwa analalamika sana."

"Basi mbona hamkumleta?"

Daktari alisubiri, akaandika kitu, akaondoka.

Walimfungua kichwa siku iliyofuata. Akaishi. Pacha wote wawili walikuja, wakasimama kila mmoja upande wake wa kitanda, wakubwa, wenye harufu ya safari, hawajui waweke wapi mikono. Mmoja aliuliza, "Klachi yupo?" kwa mazoea, na kisha akatoka nje ya wodi na hakurudi kwa muda.

Daktari wa Maneno alikuja na nyimbo zote. Alimwekea maji. Alimwekea mlango. Alimwekea gitaa moja, akaongeza sauti, akamtazama mgonjwa usoni. Klachi alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza muziki wa jirani. Midomo haikusogea. Hata lile tangazo la bima msichana alijaribu kuliigiza, akiona haya, sauti yake ndogo ikihangaika kuwa nene. Hakuna. Hata "hapana" haikuwepo tena.

"Tumpe muda," alisema, akaanza kukunja waya wa spika.

Wifi alirudi nyumbani kumfungulia mtu wa hoteli. Pacha walikwenda kutafuta chakula. Mama Pacha alibaki peke yake, akaketi, akavua viatu. Ilikuwa alasiri, wodi imetulia, jua limelala sakafuni kati ya vitanda. Alikuwa karibu kusinzia aliposikia sauti.

Klachi alikuwa anaimba. Si maneno, tuni tu, puani, chini chini, noti zinapanda kidogo kisha zinageuka mahali ambapo huzitarajii. Mama Pacha aliinuka taratibu asiivunje. Aliujua kila wimbo wa mumewe. Miaka yote ile alizisikia dirishani, garini, sebuleni, mpaka nyingine akazichukia. Huu hakuujua. Haukuwa wa bendi za zamani, haukuwa wa matangazo, wala haukufanana na kitu alichowahi kukisikia popote.

Tuni ilifika mwisho. Klachi akanyamaza, akamtazama. Alikuwa anangoja.

"Maji?" alisema Mama Pacha. Akamwekea kikombe mdomoni. Aligeuza uso.

"Unaumwa? Kichwa? Nimwite daktari?"

Macho yaleyale, wazi, hayapepesi.

"Mimi? Niko hapa. Ni mimi. Watoto? Wanakuja. Dirisha? Nifungue dirisha? Nifunge?"

Alimshika mkono akausikia una baridi, akaufunika kwa yake yote miwili. Klachi alivuta pumzi, akaianza ile tuni upya, tangu mwanzo, polepole zaidi, na mkewe akainama hadi sikio likagusa mdomo wake.